Matanga ya Matonya

Siku Matonya alipozikwa, yeye mwenyewe alikuwa amelala chali kati ya ndama watatu, katika chumba cha mwisho cha tembe la mama yake, akisikiliza. Alisikia jembe likigonga udongo mkavu karibu na zizi. Alisikia wanawake wa Haneti wakiingia uani kwa makundi huku wakilia, akawatambua kwa sauti mmoja mmoja, hata yule jirani ambaye hakuwahi kumpenda. Ndama mmoja alikuwa akimlamba kifundo cha mguu, pale penye kidonda cha kamba, naye alimwacha alambe kwa sababu akijisogeza majani yangechakarika.

Kaburini hapakuwa na mtu. Walizika kikuku chake cha shaba na kigoda chake. Watu waliambiwa kwamba mwenzake wa safari ndiye aliyeleta kikuku hicho kutoka njiani, huko Matonya alikofia kwa kuhara akiwa na mzigo wa risasi kichwani. Mwenzake huyo hakuwepo. Kikuku kililetwa na Matonya mwenyewe, mkononi mwake, siku sita kabla, alipotoroka msafara wa wapagazi wa Mdachi upande wa Kondoa na kutembea mpaka kwao akila mizizi.

Ilikuwa Machi, mwaka 1916. Mpagazi aliyetoroka, akikamatwa, alichapwa viboko mbele ya watu kisha akarudishwa mzigoni na mnyororo shingoni. Asipopatikana, walikamatwa watu wa kaya yake mpaka ajitokeze. Lakini aliyekufa alifutwa kitabuni, na kaya ikaachwa ipumue.

Waliojua siri walikuwa watatu tu: mama yake; Ndahani, kaka yake mkubwa; na Loisi, mkewe, aliyekuwa amesoma miaka miwili kwa wamisionari na kurudi na jina jipya na sketi moja. Wazo lilikuwa la Ndahani.

"Tukisema amekufa tu, Jumbe hataamini," aliwaambia. "Jumbe ni mtu wa hapa hapa. Anajua msiba unavyokaa. Atakuja kuangalia kama dume limechinjwa. Ataangalia vichwa vyenu. Ataangalia ng'ombe wa Matonya wamekwenda kwa nani."

"Na mimi?" Loisi aliuliza.

"Na wewe, shemeji. Ataangalia umekwenda kwa nani."

Mama alikuwa ameshaanza kunoa wembe.

Hapo ndipo walipokosea, na sijui kama kuna watu wengine ambao wangekosea namna hiyo. Mtu wa mjini angempelekea Jumbe mbuzi wawili, mambo yakaisha. Mwingine angehamia kwa wajomba wa mbali na kujiita jina jingine. Watu wa kaya ile hawakujua kufanya msiba nusu. Kwao, uongo ulipaswa kutimizwa wote, kwa dume, kwa wembe na kwa wazee wa ukoo walioitwa kutoka mbali, na kila kilichofanywa kilikuwa kimefanywa kweli.

*

Jumbe alikuja siku ya tatu, akapewa nyama ya ubavu, akala bila haraka. Alikuwa mtu mnene kidogo, mwenye kanzu iliyofupishwa na kitabu kilichofungwa kwa ugwe. Nyuma yake alisimama askari mmoja ambaye alionekana kuchoka kuliko wafiwa.

"Poleni, mama," alisema alipomaliza kujipangusa vidole.

"Tumekwisha kupoa, Jumbe."

"Matonya alikuwa kijana mzuri. Mwenye nguvu. Nilimwandika mwenyewe." Akamtazama yule mama aliyekuwa amejifunika kaniki mpaka kwenye nyusi. "Hebu toa nguo kichwani, mama."

Wazee waliokuwa wamekaa ukutani wakaangalia chini. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia mwanamke wa umri ule afunue kichwa mbele ya wanaume. Mama alishusha kaniki. Kichwa chake kilikuwa cheupe kwa upya wa wembe, kikiwa na mikwaruzo miwili juu ya sikio. Jumbe akainama karibu, akaangalia, akaashiria kwa kidole kwamba basi, anaweza kujifunika.

"Na huyo wa misheni?"

Loisi alivua kitambaa kabla hajaamrishwa. Hakutaka kumpa nafasi ya kusema.

Kisha ng'ombe wakagawiwa mbele yake. Matonya alikuwa na ng'ombe sita, waliobaki baada ya lile dume. Wawili walikwenda kwa baba mdogo, ambaye hakujua lolote na aliwapokea akilia machozi ya haki. Wanne walikuwa wa Ndahani. Kule chumbani Matonya alisikia wakitajwa kwa rangi na pembe zao, mmoja mmoja, na ilipofika zamu ya yule mweupe mwenye pembe iliyoinama, aliyemlea kwa mkono tangu mama wa ng'ombe huyo alipokufa kwa ugonjwa, alijikuta amesema, "Huyo hapana." Alisema polepole sana. Ndama peke yao ndio waliosikia.

Yule mweupe alikwenda kwa baba mdogo.

Jumbe alifungua kitabu, akachora mstari mrefu, akaondoka na mguu mmoja wa nyuma wa dume. Loisi aliingia chumba cha ndama na kikapu cha majani kichwani, akapiga magoti gizani na kutafuta uso wa mumewe kwa mkono.

"Wamekufuta," alimwambia.

"Nimesikia."

"Tungoje tu Mwingereza afike. Akifika, Mdachi hana kitabu tena. Utatoka."

Hilo lilikuwa ndilo tegemeo lao lote, na lilikuwa jepesi kulitamka.

*

Mwaka ule habari zilikuwa nyingi kuliko mvua, na mvua yenyewe haikuwa haba. Aliyezileta Haneti alikuwa Mustapha, mchuuzi wa Kirangi kutoka Kondoa, mwenye punda wawili, chumvi na ugoro. Watu walinunua chumvi kidogo na kukaa sana.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa lugha yao, kisha akageukia Kiswahili. "Moshi imekwenda. Mwingereza yumo. Wallahi, mwenzangu ameona magari ya moto yasiyo na reli, yanatembea barabarani yenyewe."

Wengine waliichukua habari hiyo kama habari, wakaitia maneno na kuipeleka kwenye pombe. Kwa Loisi ilikuwa hesabu ya siku. Aliisikiliza akichagua mlenda, uso umeinama, na jioni aliiingiza chumbani chini ya bakuli la ugali.

Mwezi wa nne Mustapha alirudi na punda mmoja. Wa pili alichukuliwa na askari.

"Kondoa nayo imekwenda," alisema. "Mdachi ametoka, amekaa vilimani huku kusini. Mwingereza amekaa mjini. Wanatazamana."

Loisi akajisahau. "Kutoka Kondoa mpaka hapa ni siku ngapi?"

Mustapha alimtazama. Hakuwa amezoea kuulizwa na mjane aliyenyolewa juzi. "Mimi na punda, siku tatu, dada. Jeshi sijui. Jeshi linangoja viatu, linangoja unga, linangoja mito ipungue. Mvua hii haimwachii mtu."

Siku tatu. Matonya alizishika siku hizo tatu kana kwamba ameahidiwa na mtu anayemjua. Alihesabu tatu za kwanza, akahesabu tatu nyingine, akaacha. Chumba kilikuwa kifupi, na mtu mrefu kama yeye alisimama shingo imepinda chini ya miti ya paa. Dirisha halikuwepo. Mchana ulimfikia kwa upenyo wa mlango tu, na mara mbili kwa siku, alfajiri na magharibi, alitoka kwa kutambaa mpaka nyuma ya zizi na kurudi. Alinuka ndama, na kwa kuwa wote katika kaya ile walinuka ng'ombe, ilikuwa salama. Lakini yeye mwenyewe aliijua tofauti, na ilimtia haya mbele ya mkewe.

"Usisogee sana," alimwambia siku moja.

"Umenioa kwa ng'ombe wote wale, leo ninuke nini?" Loisi alimjibu, akajilaza kando yake katika majani. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na kwa muda mfupi kila siku, katika chumba kile, hakuwa mjane wa mtu.

*

Mei, uwele ulipoanza kuiva, wazee walirudi kumaliza matanga. Kwa desturi ya ukoo wao mjane hupewa kata ya maji mbele ya watu, naye humpelekea mwanamume anayetaka amchukue. Akimnywesha, jambo limekwisha. Asipompa mtu, anarudi kwao, na mahari inarudishwa.

Loisi hangeweza kurudi kwao. Nani angepeleka ugali katika chumba cha ndama? Mama alikuwa mzee, macho yake yalikuwa yakiona nusu, na Ndahani kuonekana amebeba bakuli kungeshangaza kijiji kizima. Jumbe naye alikuwa amekuja, hakukaribishwa, akakaa kwenye kivuli cha ukuta na kitabu mapajani.

Loisi alichukua kata kwa mikono miwili. Kati yake na Ndahani palikuwa na hatua labda kumi, na kando ya hatua hizo kumi palikuwa na mlango mfupi wa chumba cha ndama, ambao alipaswa kuupita. Aliupita. Ndahani alipokea kata bila kumtazama, akanywa, na alipokwisha kunywa akaipindua kuonyesha haina kitu, kama inavyotakiwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumbe akaandika.

"Umempa?" Matonya aliuliza baadaye.

"Nimempa."

"Akanywa yote?"

"Akanywa yote. Ulitaka aache nusu, Jumbe aone?"

Matonya akasema kwa sauti ya mtu anayejifanya anacheka, "Basi mimi nimelala na mke wa kaka."

Loisi alimpiga kofi. Halikuwa la nguvu, lakini wote wawili waliogopa sauti yake, wakabaki kimya wakisikiliza kama kuna mtu uani.

Ndahani hakumgusa Loisi hata siku moja. Hilo lazima niseme, maana watu wamemsema mengi. Lakini mtu akiitwa mume kila siku huanza kukaa kama mume. Alikula chungu cha Loisi hadharani, kwa kuwa asingekula wangeuliza. Akaanza kumtuma. Akaanza kusema "shamba langu la chini" kwa lile shamba ambalo Matonya alilivunja kwa mikono yake. Mkewe mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma bila mtoto, naye alikuwa mtu wa upweke ambaye ghafla alipewa kaya iliyojaa. Si ajabu ilimkaa mwilini.

*

Juni walikuja askari kuchukua ng'ombe wa jeshi. Walikuwa wanane na Mzungu mmoja mwenye homa, aliyekaa juu ya nyumbu bila kushuka. Ng'ombe waliobaki zizini walitolewa wote isipokuwa mmoja mkonde. Kaya haikupewa hati wala neno.

Ndama waliwaita mama zao. Walilia kwa pamoja, na askari mmoja akageuza kichwa.

"Kuna wengine humo."

Mama alikuwa karibu zaidi na mlango. Alikaa kizingitini, miguu ameinyosha mbele, mikono mapajani, kama mtu aliyeamua kupumzika.

"Ni ndama wagonjwa," alisema. "Wanatoka povu. Ukitaka kula povu, ingia."

Askari akacheka, akamshika bega kumsogeza. Ndahani aliwahi. Aliruka juu ya miguu ya mama yake, akaingia ndani, na kule gizani, huku kaka na mdogo wake wakikanyagana, akakamata ndama kwa masikio na kuwasukuma nje mmoja baada ya mwingine. "Hawa hapa, bwana, hawa hapa, wazima, wazee husema ovyo." Askari waliwachukua wote watatu. Mama alipigwa teke moja la nyonga kwa ajili ya uongo wa povu, akaenda akichechemea tangu siku hiyo.

Chumba cha ndama kikawa hakina ndama. Kila siku Loisi aliendelea kupita uani na kikapu cha majani, akaingia, akatoka, kwa sababu hakujua la kufanya vinginevyo. Jirani mmoja aliuliza, akamjibu kwamba anafugia sungura wa misheni.

"Hata ndama wamehama," Matonya alisema. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. "Ndahani amewatoa upesi sana."

"Angekutoa wewe?"

"Alinikanyaga mkono. Hakuniambia pole."

Ndahani, aliyekuwa mlangoni amesimama akizuia mwanga, alisikia. "Pole," alisema. "Unataka na nini tena?"

"Nataka uache kula chakula changu mbele za watu."

"Nile wapi? Niambie mahali, nitakwenda kula huko."

"Na shamba la chini si lako."

"Nani atalivuna? Wewe?" Ndahani alishusha sauti. "Mwaka huu ni mimi ninayesalimiana na Jumbe. Mimi ninayeulizwa ng'ombe, mimi ninayeulizwa unga. Wewe umelala. Nakuonea wivu saa nyingine, wallahi nakuonea wivu."

Mama alikuwa nje, akipepeta. Alisikia neno kwa neno, na ungo ukasimama mikononi mwake.

Mwezi huo huo, kwenye visima vya mchangani, wanawake walimtazama Loisi tumbo, wakatazamana. "Ndahani hakuchelewa," mmoja alisema, na wote wakacheka kwa wema, maana mtoto ni mtoto hata katika mwaka wa vita. Loisi alicheka nao. Alijaza mtungi, akajitwika, akaenda mpaka penye miiba ambako hawakumwona, akautua na kulia mpaka maji yakatulia kabisa ndani ya mtungi.

*

Siku za mwisho za Julai Mdachi alipita kwa fujo. Majeshi yake yalirudi nyuma kuelekea reli, yakiwa na vumbi na haraka, wala hayakusimama Haneti isipokuwa kwa maji. Kisha barabara ikawa tupu. Baada ya siku chache Mustapha alitokea bila punda hata mmoja, amebeba gunia la chumvi begani mwenyewe.

"Bendera ya Dodoma imeshushwa," alisema. "Mdachi amepanda gari la moto amekwenda mashariki. Imekwisha."

Loisi hakumngoja amalize. Alikimbia, na tumbo lake, na mbele ya watu wote akainama mlangoni na kusema kwa sauti ya kawaida, ambayo hakuitumia pale kwa miezi mitano, "Matonya, toka."

Alitoka kwa kutambaa, kwa mazoea. Aliposimama mwanga ulimpiga akafunika macho kwa mikono yote miwili. Wanawake wawili walikimbia. Waliobaki walisogea nyuma wakamtazama, ndevu, nywele zenye majani, miguu myembamba iliyokuwa ikitetemeka kwa kusimama wima.

"Mbukwa," alisema.

Hakuna aliyeitikia. Si kwamba walimdhania mzimu. Walikuwa watu wenye akili, walielewa mara moja. Walikuwa wakikumbuka.

"Mimi nililia hapa siku tatu," jirani alisema mwishowe. "Nimeacha shamba langu likaliwa na ndege."

Baba mdogo aliitwa, akafika amevaa vizuri. Alimtazama mtoto wa kaka yake kutoka mbali. "Ng'ombe sirudishi," alisema. "Tena mmoja nimeshaolea. Ukoo haukai kugawa mara mbili kwa sababu watoto wameamua kuchezea wazee." Akaondoka bila kumpa mkono.

Mama alitaka kumkalisha. Akatafuta kigoda, akakumbuka kiliko. Matonya alikaa chini, na Loisi akamwekea ugali na mlenda pale pale uani, akakaa karibu naye kuliko inavyopasa, goti kwa goti. Alikuwa na furaha. Watu wamenuna, ng'ombe wamekwenda, na yeye alikuwa na furaha iliyomfanya asahau kula.

Siku mbili Matonya alitembea juani akijifunza miguu yake. Siku ya tatu Jumbe alikuja.

*

Alikuwa Jumbe yule yule. Kanzu ilikuwa ile ile, ila mkononi alifunga kitambaa chekundu, na askari wawili waliokuwa nyuma yake walivaa kofia za namna nyingine. Kitabu kilikuwa kipya.

"Mwingereza anawasalimu," alisema. "Anamfuata Mdachi kwenda mashariki, na mizigo yake haina miguu. Kila kaya mtu mmoja, mpaka vita viishe. Nimeanza huku." Macho yake yalimfikia Matonya, yakakaa hapo kidogo. Hakuonekana kushangaa. "Aah. Na wewe upo."

"Mimi nilishakwenda," Matonya alisema.

"Ulikwenda kwa Mdachi. Huyu ni Mwingereza."

"Uliniandika nimekufa."

"Kitabu kile nimekichoma, mwanangu. Ningekutwa nacho ningenyongwa. Katika hiki hajafa mtu." Akafungua ukurasa. "Kaya ya mama huyu, wanaume wawili. Nachukua mmoja. Nani?"

Ndahani alitazama vidole vyake vya miguu. Matonya alimtazama Ndahani. Alingoja kaka yake aseme, na kwa kweli Ndahani alifungua mdomo. Lakini alimwona Loisi, akaliona tumbo, akaiona nyumba, na hakusema.

"Huyu ni mume wangu," Loisi alisema. "Ametoka juzi kifungoni. Hawezi kubeba hata mtungi. Mwangalie miguu."

"Mume wako ni Ndahani. Niliyaona maji kwa macho yangu, na hapa pana wazee kumi walioyaona." Jumbe hakusema kwa ukali. Jua lilikuwa kali, na alikuwa na kaya nyingine thelathini. "Baba yao hayupo. Mama, sema wewe, tuondoke."

Mama alikuwa amesimama akiegemea nyonga nzima. Aliwatazama watoto wake, mmoja halafu mwingine, na jicho lake bovu likitoa maji kama lilivyokuwa likitoa siku zote.

Huyu mama alimpenda Matonya kuliko mtoto yeyote, na kila mtu Haneti alilijua hilo. Lakini tangu Machi alikuwa amezika, amenyoa, amefunuliwa kichwa mbele ya wanaume, amelia siku saba kwa sauti kubwa kwa ajili ya mtu aliyekuwa akikohoa upande wa pili wa ukuta. Alianza kulia kwa uongo, na siku ya nne hakujua tena uongo ulikuwa wapi. Kilio hicho kilikuwa kimempitia, kimetoka. Cha Ndahani kilikuwa bado kizima ndani yake, na alikiogopa.

"Mchukueni Matonya," alisema. "Huyu nilishamlia."

Matonya alimtazama mama yake kwa muda mrefu, akaitikia kwa kichwa taratibu kana kwamba ameelezwa bei ya kitu na kuiona ya haki. Loisi alimshika mkono, askari akamtenganisha vidole kimoja kimoja, bila ubaya.

Loisi alimfungia mumewe unga katika kipande cha sketi yake ya misheni. Alikimbia nao nyuma ya msafara, akamfikia penye mteremko.

"Mtoto," alimwambia. "Nitamwambia."

"Utamwambia nini?" Matonya aliuliza, na hakuwa na uchungu, aliuliza tu. "Atakuta maji yamekwisha kunywewa."

*

Novemba, wingu la kwanza lilipojikusanya bila kunyesha, Mustapha alifika na kusimama mbali na kaya, akamwita Loisi kando. Alikuwa amekutana na wapagazi waliorudishwa wagonjwa kutoka upande wa mto Ruaha. Mmoja alimtaja Matonya. Alianguka na boksi la risasi kabla mwezi wa Septemba haujaisha, akawekwa kando ya njia. Hapakuwa na kitu cha kurudisha. Hakuwa na kikuku.

"Una hakika ni yeye?"

"Alisema ni mrefu, mwenye kovu la kamba mguuni. Alisema alizoea kulala amejikunja hata penye nafasi." Mustapha aliweka mfuko wa chumvi chini, hakudai kitu. "Pole, dada."

Loisi aliingia uani. Ndahani alikuwa akichonga mpini, mama akiota jua. Aliwaambia. Mama alifumba macho na hakuyafumbua. Ndahani aliacha kuchonga.

"Wapigiwe wazee mbiu," Loisi alisema. "Tuweke matanga."

Ndahani alijibu huku akitokwa na machozi. "Kwa dume lipi, Loisi? Kwa ng'ombe yupi wa kugawa? Nikawaambie nini? Matanga yake yalikwisha Mei. Hawatakuja."

"Ni ndugu yako."

"Ni ndugu yangu. Hawatakuja."

Loisi akatafuta wembe mwenyewe, akaupata juu ya ukuta pale mama alipouacha. Nywele zake zilikuwa zimeota, laini, kiasi cha kushikika kwa vidole. Alizinyoa peke yake katika chumba cha ndama, ambamo majani yalikuwa bado yamelala umbo la mtu, kisha akachukua mtungi akaenda kisimani, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha na hakukuwa na mwingine wa kuteka.

Wanawake walikuwepo wanne. Walikiona kichwa kilivyong'aa, na tumbo la miezi minane, wakaacha kuzungumza.

"Umefiwa na nani?" yule jirani aliuliza.

"Na mume wangu."

Walitazamana. Jirani yule akashuka kwenye mchanga, akamshika Loisi bega, na alikuwa na huruma ya kweli usoni.

"Huyo tulishamlia, mama," alisema. "Teka maji."

Akampa kata. Loisi aliinama, akateka.